Ushuru Tumelipa, Hesabu I Wapi?

Wako miongoni mwetu, hata katika viti vya mbele vya makanisa yetu, wanaosema kwamba ushuru ni jambo la matajiri na watu wa mishahara. Kijana aketiye kando ya barabara bila kazi husema, "Mimi silipi kitu." Lakini kijana huyo ana simu mfukoni, na kila anunuapo muda wa maongezi Serikali imekwisha kumega sehemu yake. Mama yake akinunua kipande cha sabuni, ushuru wa VAT wa asilimia 16 umo katika bei. Akipanda matatu kwenda hospitalini, nauli yake imebeba ushuru wa mafuta, ambao kwa upande wa VAT pekee ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Hakuna Mkenya asiyelipa. Na maadamu sote twalipa, sote tuna haki ya kuuliza, na chombo tulichokisimamisha kituulizie ni Bunge.

Twaandika haya kwa sababu twaona harakati zetu zinachechemea. Tumekuwa hodari wa kuupinga ushuru unapowekwa, lakini goigoi wa kuzifuata fedha zinapotumiwa. Ushuru waja na kelele. Matumizi huenda kimya kimya, na aghalabu wanaotuibia hupenda kimya kuliko kitu kingine chochote.

Tukumbuke tulikotoka. Tangu mwanzo wa karne iliyopita, mkoloni alitoza kodi ya nyumba kwa watu wasiokuwa na mjumbe hata mmoja katika baraza lililoamua kodi hiyo itumiweje. Kodi ile ilikusudiwa pia kumsukuma mwanamume atoke kwake akafanye kazi katika shamba la mzungu, kwani fedha za kuilipa hazikupatikana kijijini. Harry Thuku alipoikemea pamoja na kipande, alikamatwa, na watu waliokusanyika mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922 kumdai walimiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Basi nchini mwetu swali la ushuru halikuwa kamwe swali la wahasibu peke yao.

Uhuru ulipokuja tulipata Bunge, na kwa Katiba tukapata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na Kamati ya Bunge kuhusu Hesabu za Umma. Kwa maandishi mambo yalikuwa mazuri. Lakini katika miaka ya chama kimoja, hasa baada ya uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, mbunge aliyekohoa alijua kwamba angeweza kufukuzwa chamani, na kufukuzwa chamani kulikuwa ndiko kufukuzwa Bungeni. Makadirio ya wizara yalijadiliwa machache tu. Muda ulipokwisha, yaliyobaki yalipitishwa kwa mkupuo bila neno. Ni katika Bunge la namna hiyo ndimo ilimoota Goldenberg.

Vijana wengi wa leo hulitaja jina hilo bila kujua hasa jinsi wizi ule ulivyofanyika, nasi twaona ni vyema tulieleze tena, kwa kuwa ndani yake mna funzo lote la makala haya. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwarudishia wauzaji wa bidhaa nje ya nchi sehemu ya gharama zao, ili wavutiwe kuleta fedha za kigeni. Sheria iliyopitishwa na Bunge iliruhusu marejesho ya asilimia 20. Kuanzia mwaka 1990 kampuni moja ilikubaliwa kulipwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza ng'ambo. Asilimia 15 hizo za ziada hazikuwa katika sheria. Na Kenya haina mgodi wa almasi. Dhahabu yetu ni ya wachimbaji wa Migori na Kakamega, ambayo haingeweza hata kidogo kufikia kiasi kilichoandikwa katika fomu. Fomu zilijazwa, mihuri ikagongwa, na Hazina ikalipa. Mabilioni ya shilingi yalitoka, si kwa kuvunja kufuli usiku, bali mchana, kupitia dirisha lile lile la usimamizi wa ushuru na forodha ambalo wewe nami twasimama kulipia.

Gharama yake hakuna aliyeiepuka. Fedha nyingi zilizomwagwa nchini wakati ule, pamoja na zile za kampeni za mwaka 1992, zilipandisha bei za vitu hivi kwamba mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 mwaka 1993. Noti mpya ya shilingi 500 ilikuwa hata imepewa jina la mwanasiasa. Wazee wa kanisa watakumbuka jinsi sadaka ya Jumapili ilivyoonekana kubwa kwa noti na ndogo sokoni.

Nani aliyefichua? Katika Benki Kuu kulikuwa na karani kijana, David Munyakei. Aliona makaratasi yasiyolingana, akauliza, akaambiwa anyamaze. Mwaka 1993 nakala za nyaraka zile zilifika mikononi mwa wabunge wa upinzani, Paul Muite na Anyang' Nyong'o. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za Serikali. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006, maskini. Twamtaja kwa jina kwa sababu katika mageuzi yetu tumejenga desturi ya kuwatukuza wanasiasa waliozungumza na kumsahau mtumishi mdogo aliyewapa la kuzungumza.

Jambo moja tusilipuuze: nyaraka zile zisingekuwa na mahali pa kupelekwa mwaka 1989. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992, na miezi michache baadaye palikuwa na watu Bungeni wasiomwogopa mwenyekiti wa chama tawala. Uongozi wa Kamati ya Hesabu za Umma ukawa mikononi mwa upinzani. Hilo ndilo tunda la kwanza la vyama vingi, na ni tunda la kweli. Hata hivyo, Mkaguzi aliandika, Kamati nayo ikaandika, lakini tume ya uchunguzi ya Jaji Bosire haikuundwa hadi mwaka 2003, baada ya chama kile kung'olewa madarakani. Bunge lilikuwa limepata macho. Mikono ilikuwa bado imefungwa.

Wala tusijidanganye kwamba uovu ule ulikwisha na utawala ule. Aprili 2004, chini ya serikali tuliyoichagua kwa nyimbo na machozi ya furaha, Mheshimiwa Maoka Maore aliweka mezani mwa Bunge nyaraka kuhusu mkataba wa pasipoti, na hapo ndipo Wakenya walipolisikia jina la Anglo Leasing. Mikataba ya aina hiyo iligunduliwa kuwa 18. Na mwaka 2014, miaka 10 baadaye, Hazina ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa sababu mahakama za ng'ambo zilikuwa zimetuamuru kulipa, na bila kulipa isingekuwa rahisi kwenda kukopa kwa kuuza dhamana katika masoko ya nje. Tuliibiwa, tukafichua, tukalipa. Mwizi wa kuku akikamatwa kijijini hurudisha kuku. Katika mambo ya Serikali ni mwenye kuku ndiye aongezaye mayai.

Katiba ya mwaka 2010, ambayo wengi wetu tuliipigania tangu enzi za kudai mageuzi kabla ya uchaguzi, ilijaribu kuifungua mikono hiyo. Twaomba kila kikundi kisome Sura ya 12 kama kinavyosoma Neno. Kifungu cha 201 chadai uwazi na uwajibikaji, na kushirikishwa kwa umma katika mambo ya fedha. Kifungu cha 210 chasema hakuna ushuru utakaotozwa wala kusamehewa ila kwa sheria. Kifungu cha 228 kimeweka Msimamizi wa Bajeti, ambaye bila idhini yake fedha haziondoki katika mfuko. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, aseme iwapo fedha zilitumiwa kwa mujibu wa sheria na kwa njia yenye manufaa. Kisha chaliamuru Bunge, ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea ripoti, liijadili na kuchukua hatua.

Miezi 3! Msomaji aliyewahi kufuatilia kazi za kamati atatabasamu kwa uchungu. Mara nyingi Kamati ya Hesabu za Umma imekuwa ikihoji hesabu za miaka miwili au mitatu iliyopita. Katibu wa Wizara aliyetia sahihi amehamishwa, aliyepo asema alikuta mambo hivyo, mhasibu amestaafu, risiti zitaletwa juma lijalo. Ripoti ikiisha kuandikwa, Bunge zima huipitisha alasiri moja, wakati viti vingi ni vitupu. Nayo ofisi ya Mkaguzi yenyewe, muda wa aliyekuwapo ulipokwisha Agosti 2019, ilikaa bila mwenyewe hadi Julai 2020. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunalo daftari, limeandikwa vizuri na kwa gharama, ila wenye kulisoma hawasomi.

Iko mianya mingine ambayo sheria yenyewe imeiacha. Kifungu cha 223 chaiwezesha Serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, iwapo haja imezuka isiyotarajiwa, mradi isipite asilimia 10 ya zilizokuwa zimeidhinishwa, na idhini iombwe ndani ya miezi 2 tangu fedha za kwanza kutolewa. Kiliwekwa kwa ajili ya njaa na mafuriko. Lakini mlango wa dharura ukizoeleka kupitwa, hugeuka mlango wa mbele. Januari 2023 Msimamizi wa Bajeti aliieleza kamati ya Bunge kwamba siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 alishinikizwa aidhinishe zaidi ya shilingi bilioni 15. Njaa gani hiyo inayojua tarehe ya uchaguzi?

Na juu ya madeni, Bunge lilijiwekea uzio kisha likauhamisha. Mwaka 2019 kikomo cha deni la taifa kiliwekwa kuwa shilingi trilioni 9. Tulipokikaribia, mwaka 2022 kikasogezwa hadi trilioni 10. Tulipokipita hicho nacho, mwaka 2023 tarakimu ikaondolewa kabisa, pakawekwa asilimia 55 ya pato la taifa. Hatusemi kukopa ni dhambi. Lakini mlevi ambaye kila akifika kwenye alama ya chupa huchora alama nyingine chini yake, mkewe hawezi kumwita mtu wa kiasi.

Sasa tuje kwenye Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawaeleza mama zao kuhusu ushuru wa mkate na wa magari. Sisi wa umri mkubwa, tuliozoea kudhani kwamba harakati zilianza na kumalizika nasi mwaka 1990 pale Kamukunji, tuliona haya. Tarehe 25 Juni wabunge walipitisha Mswada huo. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na risasi zikapigwa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya vijana walikufa katika maandamano ya majuma yale. Tangu risasi za mwaka 1922 zilikuwa zimepita miaka 102, na mahali penyewe ni mwendo mfupi wa miguu.

Damu ile yatudai tuwe wakweli. Desemba 2024 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya ushuru, na hatua kadhaa zilizoangushwa Juni zikarudi kwa mlango wa nyuma, huku wengi wetu tukijitayarisha kwa Krismasi. Mswada huangushwa kwa siku moja ya ujasiri. Matumizi hulindwa kwa miaka ya uchovu. Wangapi kati yetu walioukariri Mswada wa Fedha wameifungua hata mara moja ripoti ya Mkaguzi kuhusu hospitali ya kaunti yao? Twajiuliza sisi wenyewe kwanza, na jibu letu halipendezi.

Kuhusu ukusanyaji, Mamlaka ya Ushuru iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ili idara zilizotawanyika ziwe chini ya paa moja na siasa iondolewe. Mengi yalitengenezeka, twakiri. Lakini Mei 2019 makumi ya maafisa wake walikamatwa kwa tuhuma za kusaidia watu kukwepa ushuru, na mfanyabiashara mdogo yeyote atakueleza kwamba sheria humbana yeye mapema kuliko mwenye maghala bandarini. Swali kubwa zaidi ambalo Bunge halijaliuliza kwa sauti ni la misamaha. Kifungu cha 210 chataka kila msamaha wa ushuru uandikwe katika rejista iliyo wazi kwa umma, pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu aarifiwe. Ushuru uliosamehewa ni matumizi ambayo hayakupita Bungeni kama matumizi. Ni fedha zilizotolewa kabla hazijaingia. Miaka ya tisini sukari iliandikwa forodhani kuwa inapita kwenda nchi jirani, ikauzwa Kisumu na Nairobi bila ushuru, na mkulima wa miwa akafa njaa. Tusiposoma orodha ya waliosamehewa, twajuaje kwamba leo si hivyo?

Bunge likitaka, laweza. Mwaka 2025 Mswada wa Fedha ulijaribu kuondoa kinga inayoizuia Mamlaka ya Ushuru kudai taarifa za siri za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Wananchi walipeleka maoni, na Kamati ya Fedha ikakikataa kifungu hicho. Hakukuwa na jiwe wala gesi ya machozi.

Kwa nini basi halitaki mara nyingi zaidi? Twadhani kizuizi kimoja kikubwa ni kwamba mbunge wetu amekuwa mtumiaji. Kwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ulioanza mwaka 2003, mtu aliyechaguliwa kukagua ndiye azinduaye madarasa na kutoa basari. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya 2013 ya mfuko huo ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuchanganya kazi ambazo Katiba ilizitenganisha. Wabunge wamezidi kuutetea, na twajua kwamba wasomaji wetu wengi wana watoto waliosomeshwa kwa basari hizo. Hatutaki mtoto yeyote afukuzwe shule. Twasema tu kwamba basari ni haki yake kutoka kwa Serikali yoyote, wala si hisani ya Mheshimiwa. Na Mheshimiwa aliye na mfuko wake wa kulinda hatazidisha ukali kwa Waziri mwenye mfuko mkubwa zaidi.

Na kizuizi cha pili, ndugu wapendwa, tumekijenga sisi madhabahuni. Mwanasiasa akija Jumapili na bahasha ya mamilioni, ambaye mshahara wake twaujua, twapiga vigelegele kisha twampa kipaza sauti. Je, kamati ya ujenzi humuuliza zimetoka wapi? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais na kuurudisha, na wako waliosema ni kiburi. Sisi twaona ndiyo kamati ya hesabu iliyofanya kazi yake haraka kuliko zote nchini.

Kuna Wakristo watakaotujibu kwamba ya Kaisari apewe Kaisari, basi tulipe tunyamaze. Wasome pia Nehemia, sura ya 5. Watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia, aliyekuwa liwali, akawaitisha wakuu mbele ya mkutano, kisha akaeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali. Alitoa hesabu bila kuitwa na kamati yoyote. Hatumshauri mtu yeyote agome kulipa ushuru. Hospitali zisizo na dawa hazitapata dawa kwa njia hiyo.

Twashauri jambo la kuchosha zaidi. Kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, Makadirio lazima yawe yamefika Bungeni, na kamati hulazimika kupokea maoni ya wananchi. Kila parokia na kila kikundi kichague watu watatu au wanne, akiwamo mmoja aliyewahi kuweka vitabu vya chama cha akiba. Wachukue ripoti ya Mkaguzi kuhusu kitu kimoja tu wanachokijua kwa macho yao, iwe zahanati au barabara. Wakaitazame hiyo barabara. Kisha wamwandikie mbunge wao, nakala kwa Karani wa Bunge, wakiuliza: ripoti hii mliijadili tarehe gani, mlipendekeza nini, na nani amerudisha fedha? Barua isomwe kanisani siku ya kutumwa. Na jibu, au kutokuwapo kwa jibu, kusomwe baada ya miezi 3.